Kiasi cha Fyuzi ya Transfoma

Twaa transfoma ya kVA 100, ipokeayo umeme wa volti 11,000 kwa nyaya tatu na kuutoa kwa volti 400. Ibebapo mzigo wake kamili, kila waya wa volti nyingi hupitisha ampea 5.25 tu, na kila waya wa volti chache ampea 144. Basi mtu asiyeijua kazi hii atadhani kwamba fyuzi ya ampea 6 yatosha upande wa kwanza. Haitoshi. Transfoma iwashwapo, chuma chake hushiba usumaku kwa kitambo, nayo huvuta umeme mara nane hata kumi na mbili ya kawaida, pengine ampea 63, kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Fyuzi ndogo hukatika papo hapo, ijapokuwa hakuna kilichoharibika. Naye fundi aliyechoka kupanda nguzo huifunga kwa waya mnene wa shaba, kosa lililo baya kuliko la kwanza. Siku koili zigusanapo ndani, waya huo haukatiki, na mafuta ya transfoma yaweza kushika moto.

Kwa hiyo fyuzi ya volti nyingi huchaguliwa yenye kiasi maradufu ya mzigo au zaidi. Lakini fyuzi ya namna hiyo haiuoni mzigo uliozidi kwa asilimia 30, ambao kwa saa nyingi huunguza polepole karatasi zilizozingira koili. Kazi hiyo ni ya fyuzi au swichi ya kujikata iliyo upande wa volti chache, ipimwayo karibu na ampea 144.