"Kiwanda" cha Wafungwa wa Kike katika Australia

Kati ya mwaka 1788 na 1853 Serikali ya Uingereza iliwapeleka Australia wanawake wapatao 25,000 waliohukumiwa kuhamishwa ng'ambo, wengi wao kwa makosa ya wizi. Wengi walipitia majumba yaliyoitwa "viwanda", na jina hilo lahitaji kufasiriwa.

Kazi ilikuwamo kweli. Katika jumba la Parramatta, lililofunguliwa mwaka 1821, wanawake walisokota sufu na kufuma nguo. Lakini jumba lilo hilo lilikuwa pia gereza, mahali pa kujifungulia, na soko la kazi ambako walowezi walichukua watumishi wa nyumbani.

Jumba la Cascades lilifunguliwa mwaka 1828 huko Hobart, katika kisiwa kiitwacho sasa Tasmania. Humo wafungwa waligawanywa madaraja matatu, na wale wa daraja la adhabu walivaa nguo zilizoshonewa herufi C ya manjano. Mtumishi aliyepata mimba alirudishwa humo. Alizaa, akanyonyesha miezi michache, kisha akatengwa na mwanawe ili atumikie adhabu. Watoto wengi walifia humo.

Wala wanawake hawakunyamaza. Mwezi wa Oktoba 1827 wafungwa wa Parramatta, baada ya kupunguziwa chakula, walivunja lango wakaingia mjini kutafuta mkate.

Basi neno "kiwanda" lilitaja sufu na nguo tu. Mama aliyetengwa na mwanawe halikumtaja.