Thamani Uliyoiandika Kwenye Fomu ya Bima

Muulize dereva wa Tanzania ana bima gani, atakujibu kwa neno moja: kubwa, au ndogo. Jibu hilo linamtosha trafiki. Mtathmini wa kampuni ya bima halimtoshi, kwa kuwa yeye ataanza na tarakimu uliyoiandika mwenyewe siku ulipokata bima, yaani thamani ya gari.

Bima ndogo ndiyo ambayo sheria inamlazimisha kila mwenye gari kuwa nayo, na inamhusu mtu wa tatu: mwendesha bodaboda uliyemgonga, familia ya aliyefariki, mwenye ukuta ulioubomoa. Ukirudi nyuma na IST yako pale Mwenge ukapasua taa ya Prado ya mtu, kampuni itailipa taa hiyo hadi kwenye ukomo uliotajwa katika mkataba. Bampa yako utajijua mwenyewe. Ipo pia bima ya katikati, inayoongeza moto na wizi. Mawakala hawaitaji sana, ingawa kwa maoni yangu ingewafaa wengi wenye magari ya zamani yanayolala nje ya geti.

Bima kubwa ndiyo inayotengeneza gari lako wewe, na ada yake ni asilimia ya thamani ya gari hilo. Tuseme kiwango ni asilimia 3.5. Kwa gari la shilingi milioni 20 zitakutoka 700,000 kabla ya kodi. Hapo ndipo watu hushikwa na tamaa ya kupunguza. Mtu anaandika milioni 12, ada inashuka hadi 420,000, anatoka ofisini akijiona mjanja.

Miezi michache baadaye anagongwa ubavuni na aliyemgonga hajulikani alikokimbilia. Gereji inakadiria matengenezo ya milioni 5. Mikataba mingi ina kipengele cha wastani: kama uliikatia bima asilimia 60 tu ya thamani halisi, utalipwa asilimia 60 ya hasara. Hiyo ni milioni 3. Bado kuna kile kiasi ambacho mwenye bima hukibeba mwenyewe katika kila dai. Kikiwa laki 5, zinabaki milioni 2 na nusu. Angeandika thamani ya kweli angepata milioni 4 na nusu. Amepoteza milioni 2 kwa kuokoa 280,000.

Si wote wanaofanya hivyo kwa makusudi. Wengi huhuisha bima kila mwaka kwa thamani ileile ya siku walipolitoa gari bandarini, wakati shilingi ikishuka dhidi ya dola gari kama hilo kutoka Japani linapanda bei. Kabla ya kuhuisha, pita kwa wauza magari uulize gari la aina yako na la mwaka wako linauzwaje sasa. Kuzidisha thamani nako ni hasara tupu: gari likiibwa, fidia hufuata bei ya soko ya wakati huo, na ile ada ya ziada ndiyo imekwenda.

Sehemu nyingine ya fomu ambayo watu huipita haraka ni matumizi. Gari lililokatiwa bima kama la binafsi, kisha jioni likabeba abiria wa Bolt, linaipa kampuni sababu ya kukataa dai. Ni hivyohivyo kwa dereva ambaye leseni yake imekwisha muda. Wanaovuka mpaka nao waulize habari ya Kadi ya Njano ya COMESA, yaani bima ya mtu wa tatu inayotambulika ng'ambo ya mpaka. Tanzania imo kwenye mpango huo ingawa ilijitoa katika jumuiya yenyewe.

Ukishalipa, usiridhike na stika. Hakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, kwamba ni halali, kisha dai mkataba kamili na usome kurasa za mambo yasiyolipwa. Huko ndiko utakuta kama vioo vya pembeni vikichomolewa usiku utalipwa, na kioo cha mbele kina ukomo wa shilingi ngapi. Na ajali ikitokea, pata ripoti ya polisi, ijulishe kampuni mapema, wala usimruhusu fundi afungue hata boliti moja kabla mtathmini hajaliona gari.