Mnyaa na Mbarika: Sumu Iliyo Karibu na Nyumba

Nchini Burundi, kama ilivyo katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, mnyaa, ambao wanasayansi huuita Euphorbia tirucalli, umepandwa tangu zamani kuzungushia nyumba na mashamba, kwa sababu kipande cha tawi kikichomekwa ardhini huota, hustahimili kiangazi, na ng'ombe na mbuzi huuepuka. Kinachowafukuza mifugo hao ni utomvu mweupe unaotoka tawi linapovunjika, na utomvu huohuo ndio unaomdhuru binadamu. Katika mtaa wenye nyumba zilizosongamana kama Kinama, kaskazini mwa Bujumbura, ambako watoto huchezea uani na kandokando ya njia, elimu juu ya mimea ya aina hii ni sehemu ya afya ya jamii.

Utomvu wa mnyaa una kemikali ziitwazo esta za foboli, ambazo huchochea uvimbe mkali katika ngozi na utando laini wa mwili. Ukiingia jichoni huunguza konea, yaani kioo cha mbele ya jicho, na kuleta maumivu makali, machozi na ukungu wa kuona unaoweza kuzidi saa kadhaa baadaye. Jicho lisipotibiwa mapema, uoni unaweza kupotea.

Mbarika, yaani Ricinus communis, ni mmea wenye asili ya Afrika Mashariki unaoota wenyewe katika viwanja vitupu na karibu na majalala. Mbegu zake zenye madoadoa huwavutia watoto, nazo zina risini, protini inayozuia seli kutengeneza protini zake na hivyo kuziua. Mbegu iliyomezwa nzima mara nyingi hupita bila madhara makubwa kwa kuwa ganda lake ni gumu, lakini iliyotafunwa huachia sumu, na baada ya saa kadhaa huja kutapika, kuharisha na kuishiwa maji mwilini. Risini haina dawa mahususi ya kuibatilisha, hivyo mgonjwa hutegemea kuwahishwa hospitalini.

Jicho lililoingiwa na utomvu lioshwe mara moja kwa maji safi yanayotiririka kwa angalau dakika 15, bila kulisugua wala kulitia maziwa au dawa za kienyeji, kisha mgonjwa apelekwe kituo cha afya. Ngozi ioshwe kwa maji na sabuni. Aliyetafuna mbegu asilazimishwe kutapika, bali apelekwe hospitalini hata kama dalili hazijaanza, pamoja na tawi au mbegu zilizobaki ili mganga aitambue sumu.

Si lazima kila mnyaa ung'olewe, kwa maana ua wake una manufaa. Anayeupogoa avae glavu na kitu cha kukinga macho, matawi yaliyokatwa yasiachwe njiani, mbarika ung'olewe mahali watoto wanapochezea, na kila mzazi amfundishe mwanawe kutotia mdomoni mbegu asiyoijua.