Miamba ya Marseille: Mimea yavumilia ukame, yashindwa na nyayo

KATI ya jiji la Marseille na mji mdogo wa Cassis, kusini mwa Ufaransa, kuna kuta za majabali meupe ya mawe ya chokaa zinazotumbukia moja kwa moja katika Bahari ya Mediterania. Baina yake mna hori nyembamba, ambazo wenyeji huziita calanques.

Hori hizo zilikuwa mabonde ya nchi kavu. Miaka ipatayo 20,000 iliyopita, katika Enzi ya Barafu, usawa wa bahari ulikuwa chini ya wa sasa kwa zaidi ya mita 100. Barafu ilipoyeyuka, maji yalipanda yakayafunika. Ushahidi ni pango la Cosquer, lenye michoro ya farasi iliyofanywa na binadamu wa kale, ilhali mlango wake sasa uko mita 37 chini ya maji.

Juu ya miamba, maisha ya mimea ni magumu. Mvua hunyesha zaidi majira ya vuli, nayo hupotelea katika nyufa za mawe. Kiangazi huwa kikavu, na upepo mkali uitwao mistral huzidi kukausha. Hata hivyo, msonobari wa Aleppo hupenyeza mizizi ndani ya nyufa kutafuta unyevu. Rosemari ina majani membamba yaliyokunjika kingo, hivyo haipotezi maji mengi. Upo pia mti wa jamii moja na mtarakwa wa nyanda za juu za Kenya.

Hata moto hauimalizi mimea hii upesi. Baadhi ya matunda ya msonobari hufunguka kwa joto na kumwaga mbegu juu ya majivu. Lakini moto ukirudi kabla miche haijakomaa na kuzaa, msitu hutoweka.

Tishio jingine ni nyayo. Katika hori ya Sugiton, siku za kilele cha kiangazi zilivutia hadi watu 2,500. Udongo haba ulikanyagwa ukamomonyoka, miche ikafa na mizizi ya misonobari ikabaki wazi. Ndipo mnamo 2022 Hifadhi ya Kitaifa ya Calanques, iliyoanzishwa 2012, ilipoanza kuwaruhusu watu 400 pekee kwa siku katika msimu huo, kwa kibali kisicholipiwa.

Udongo huo ulijikusanya haba na haba kwa karne nyingi. Ukishaporomoka baharini, mbegu hazina pa kuota.