Je, Wajua? Waya Unaonasa Chembe Moja ya Mwanga

Je, wajua kwamba rimoti ya televisheni hutoa mwanga tusiouona? Ielekeze kwenye kamera ya simu, ubonyeze: kwenye simu nyingi kitaa cha mbele cha rimoti kitaonekana kikiwaka zambarau hafifu. Ndio infraredi ya karibu, jamaa ya mwanga unaobeba intaneti ndani ya Mkongo wa Taifa.

Mwanga huo huja kwa chembe ziitwazo fotoni. Leza ya mkongo yenye nguvu ya miliwati 1 tu hutoa zaidi ya fotoni trilioni 7,000 kwa sekunde. Kuinasa moja peke yake, je?

Mwaka 2001 Gregory Gol'tsman na wenzake wa Moscow walionyesha njia: waya wa nitridi ya niobi uliopozwa hadi ukinzani wa umeme ukaisha kabisa. Nyaya za leo zina upana wa nanomita 100 hivi; unywele ni mnene mara mia kadhaa zaidi. Umeme hupitishwa hadi karibu na kiwango cha juu ambacho waya unaweza kubeba bila ukinzani. Fotoni moja ikitua, kidoa hupata joto, ukinzani unarudi, mshtuko mdogo wa umeme unasomwa: moja! Muda mfupi mno baadaye waya umepoa, unasubiri nyingine.

Kazi ngumu iko kwenye upana. Fotoni ya infraredi ni dhaifu. Waya ukiwa mpana, fotoni inaweza kumezwa kimya. Kwa hiyo huchorwa mwembamba, ukienda na kurudi kama plau ya ng'ombe inayogeuka mwisho wa shamba, na chini yake huwekwa kioo kurudisha mwanga uliopenya. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walifikia ufanisi wa asilimia 93.

Na baridi? Huko Usa River, Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji huhifadhi mbegu za madume ya ng'ombe ndani ya naitrojeni ya kimiminika, nyuzi -196. Mtungi ukifunguliwa, ukungu mweupe humwagika ukingoni. Baridi kali hiyo! Lakini waya wetu unadai karibu nyuzi -270, ambako ni heliamu pekee inayobaki kimiminika.

Heliamu hiyo ipo Tanzania: mwaka 2016 watafiti wa Oxford na Durham walitangaza hazina kubwa Bonde la Rukwa. Na niobi ya waya? Imo Panda Hill, karibu na Mbeya, upande uleule wa nchi.