Samaki Laini kwa Babu na Bibi

Leo tuzungumze juu ya chakula cha jioni cha wazee wetu. Katika vijiji vyetu vya kando ya Ziwa Victoria samaki si kitu kigeni. Hata hivyo, wako wazee wanaoishi karibu na ziwa na hawali samaki. Wanapewa, lakini hawali. Tujiulize sababu.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Nilipomaliza mafunzo ya cheti nilipangiwa zahanati isiyo mbali na nyumbani. Siku za mapumziko nilikwenda kuwaamkia babu na bibi. Kila nilipokwenda nilimwona babu amepungua. Shati lilimpwaya mabegani. Kuinuka kwenye kigoda kulimpa taabu. Nilimpima shinikizo la damu. Nilimpima sukari. Makohozi yake yalipimwa pia. Ugonjwa haukuonekana. Nikampa vidonge vya vitamini, nikasema moyoni, "Ni uzee tu."

Jioni moja nilikula naye. Nyumbani kwetu babu hupewa kichwa cha samaki. Hiyo ndiyo heshima yake. Babu alichovya ugali katika mchuzi, akala matonge manne, akanawa mikono. Kichwa aliwapa watoto.

Nikamwuliza, "Babu, mbona huli samaki?"

Akajibu, "Nimeshiba, mjukuu wangu."

Baadaye bibi aliniita jikoni. Akasema, "Babu yako hajashiba. Meno ya kutafunia hana, na miiba haioni. Mwaka jana mwiba ulimkwama kooni usiku kucha. Tangu siku ile anaogopa samaki. Lakini mbele ya wajukuu anaona haya kusema."

Ndugu msomaji, mimi mganga nilimpima babu kila kitu, lakini sahani yake sikuitazama.

KWA NINI MZEE ALE SAMAKI?

Watu wengi husema, "Mzee halimi tena, chakula kidogo chamtosha." Neno hili lina ukweli nusu. Mzee asiyefanya kazi ngumu anaweza kutosheka na ugali mdogo kuliko kijana. Lakini chakula cha kujenga mwili, yaani protini, hakipungui kwa sababu ya uzee. Mzee anakihitaji sawa na kijana, na pengine zaidi.

Mtu anapozeeka nyama za mwili wake hupungua. Asipokula chakula cha kujenga mwili zinapungua upesi zaidi. Miguu inakosa nguvu. Anaanguka, na akianguka anaweza kuvunjika mfupa. Akipata kidonda kinachelewa kupona.

Mzee mwenye uzito wa kilo 50 anahitaji protini gramu 50 hadi 60 kwa siku. Nyama ya samaki ya gramu 100, kiasi cha kujaa kiganja, ina protini karibu gramu 20. Iliyobaki ataipata katika maharage, maziwa, mayai, karanga, dagaa na nafaka. Ugali na mchuzi mtupu havimtoshi.

Mzee mwenye ugonjwa wa figo afuate maelezo ya mganga wake.

KUCHAGUA SAMAKI

Samaki mbichi mzuri ana macho maangavu yasiyozama. Ndani ya mashavu yake ni pekundu. Ukimbonyeza kwa kidole nyama hurudi mahali pake. Hana harufu mbaya. Samaki aliyeanza kuoza usimpikie mtu yeyote, hata ukiongeza limau.

Kwa mzee, chagua samaki mwenye miiba mikubwa na michache. Sangara anafaa, kwa kuwa vipande vyake vya nyama ni vinene. Kambare anafaa. Sato anafaa, ila sharti umtoe miiba kwa uangalifu. Ningu ana miibamiiba mingi ndani ya nyama, kwa hiyo mwache kwa wenye meno na macho mazuri. Wasomaji wa pwani wanaweza kutumia nguru.

Samaki wa kukaanga sana ana ngozi ngumu, na mzee hawezi kumtafuna. Samaki wa chumvi alowekwe kwanza, na maji yabadilishwe mara mbili au tatu. Mzee mwenye presha, yaani shinikizo kubwa la damu, ni afadhali asimle kabisa.

NAMNA YA KUPIKA

Chakula hiki ni cha wazee wawili. Tayarisha vitu hivi:

Sato mbichi mmoja wa nusu kilo.
Nyanya mbili zilizoiva.
Kitunguu kimoja.
Nusu ya limau.
Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta.
Maji safi vikombe viwili.
Chumvi kidogo.

1. Nawa mikono kwa sabuni. Mparue samaki magamba. Toa matumbo na mashavu. Mwoshe kwa maji safi.

2. Usimkate vipande vidogo. Ukimkata vipande vidogo unakata na miiba, na vipande vya miiba hupotea ndani ya nyama. Mwache mzima, au mkate mara mbili tu. Kichwa kiache humo humo, kwa sababu hutia mchuzi utamu.

3. Mweke katika sufuria. Tia maji na kamulia limau kidogo. Funika. Yakichemka punguza moto. Acha kwa dakika 15 hadi 20. Usimgeuzegeuze. Ameiva ikiwa nyama yote ni nyeupe na inaachana na mfupa yenyewe.

4. Mtoe, mweke katika sinia safi, apoe. Mchuzi uchuje kwa chujio ili mwiba usibaki humo.

5. Sasa ndiyo kazi kubwa. Nawa mikono tena. Kaa penye mwanga. Ikiwezekana fanya kazi hii kabla jua halijazama. Ondoa ngozi na mapezi. Toa nyama ya upande mmoja. Inua mfupa wa mgongo, kisha toa nyama ya upande wa pili. Tazama sana sehemu ya tumbo na penye mapezi, kwa kuwa miiba mingi iko huko. Halafu pitisha kila kipande cha nyama katikati ya vidole. Mwiba ambao macho hayauoni vidole vitauhisi. Ukimaliza, mpe mtu mwingine mwenye macho mazuri aipitie mara ya pili. Usidharau hatua hii. Mwiba mmoja unatosha kumfanya mzee asile samaki tena.

6. Menya nyanya, zikatekate pamoja na kitunguu. Zipike kwa mafuta mpaka zilainike kabisa. Mimina mchuzi uliouchuja. Acha uchemke mpaka uwe mzito kidogo.

7. Tia nyama ya samaki. Iponde kidogo kwa mwiko. Chemsha dakika tano.

8. Mwisho tia chumvi, kiasi cha kushika kwa ncha za vidole viwili. Chumvi ya mtu mzima kwa siku nzima, katika vyakula vyote, isifike kijiko kimoja cha chai. Wazee wengi hupungukiwa na uwezo wa kuonja na kunusa, nao huomba chumvi iongezwe. Badala ya chumvi ongeza limau, kitunguu au dania. Ladha itapanda bila kumdhuru.

Samaki wa nusu kilo hatoi nusu kilo ya nyama. Kichwa, mifupa na matumbo vina uzito mkubwa. Nyama yake inawatosha wazee wawili tu. Kwa hiyo usiseme wale na watoto sahani moja. Mzee atawaachia watoto, kama babu yangu alivyofanya.

UGALI NA MBOGA

Songa ugali wa mzee uwe laini kuliko wa vijana. Wali uwe umeiva sana, usiwe punje punje. Viazi vitamu vya kuchemsha na kuponda ni vizuri, hasa vile vya rangi ya chungwa, kwa sababu vina vitamini A.

Mchicha au majani ya kunde chagua yaliyo machanga. Yaoshe kwanza, kisha yakate madogo sana. Yapike yalainike, lakini usimwage maji yake. Ongeza karanga zilizosagwa laini ukiwa nazo. Baadaye mpe papai au ndizi mbivu.

SIKU AMBAZO HAKUNA PESA

Samaki mbichi hapatikani kila siku. Chukua dagaa wakavu. Ondoa vichwa, waoshe mara kadhaa mpaka mchanga uishe, waanike juani wakauke. Wakaange bila mafuta kwa moto mdogo. Watwange katika kinu mpaka wawe unga, kisha chekecha. Unga huo weka katika chombo kikavu chenye kifuniko. Vijiko viwili vikubwa tia katika mchuzi au mboga ya mzee, uchemke vizuri. Dagaa huliwa na mifupa yake, kwa hiyo huupa mwili pia madini ya kuimarisha mifupa.

WAKATI WA KULA

Mzee akae wima. Asile akiwa amelala wala amejiegemeza nyuma. Pawe na taa ya kutosha. Ale matonge madogo, ameze kimoja ndipo achukue kingine. Usimharakishe, wala usimzungumzishe chakula kikiwa mdomoni. Akimaliza akae wima kwa nusu saa. Mpe maji ya kunywa hata kama hakuomba, kwa sababu wazee wengi hawasikii kiu upesi.

Jambo jingine ni heshima. Usimtolee mzee miiba mbele ya wageni kama mtoto mchanga. Kazi hiyo imalizwe jikoni. Sahani ikifika mbele yake iwe sahani ya mtu mzima, naye awe wa kwanza kupakuliwa.

AKIPALIWA AU AKIKWAMWA NA MWIBA

Akipaliwa na anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Kaa karibu naye.

Akishindwa kukohoa, kusema wala kupumua, usingoje. Mwinamishe mbele. Mpige kwa kitako cha kiganja katikati ya mabega mara tano. Isipotoka, simama nyuma yake, zungusha mikono, weka ngumi juu ya kitovu na chini ya mbavu. Vuta kwa nguvu kwenda ndani na juu, mara tano. Rudia hayo mawili kwa zamu mpaka chakula kitoke, huku watu wengine wakitafuta msaada. Akizimia mlaze chali, anza kumkandamiza kifua katikati kwa nguvu na kwa haraka. Hata akipona, mpeleke kwa mganga akaangaliwe.

Mwiba ukimkwama kooni, usimpe tonge kubwa la ugali wala ndizi ameze ili kuusukuma. Njia hiyo huweza kuuzamisha mwiba zaidi au kuchana koo. Usiutafute kwa vidole. Mpeleke zahanati. Akishindwa kumeza mate, akitoka damu, akipata homa au maumivu ya kifua, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

WAKATI WA KUJA ZAHANATI

Si kila mzee anayekonda amekosa samaki tu. Mlete zahanati akikonda bila sababu, akikohoa kwa wiki mbili au zaidi, akipaliwa kila anapokula, au mdomo ukiwa na vidonda. Mzee aliyepatwa na kiharusi aangaliwe kwanza namna anavyomeza, ndipo apewe chakula cha aina hii.

BABU YANGU

Tangu siku ile bibi humpikia babu samaki wa namna hii mara mbili au tatu kwa wiki. Siku nyingine hutumia dagaa au maharage ya kuponda. Shangazi hupitia nyama kwa vidole. Kichwa bado ni cha babu, lakini sasa anakinywa katika mchuzi. Muujiza haukutokea. Babu ni mzee na ataendelea kuwa mzee. Lakini baada ya miezi minne mkanda wake ulirudi tundu moja nje, na sasa anainuka kigodani bila kushikwa mkono.

Bibi na babu hawa walikuwa vijana mwaka 1975, wakati wa kampeni ya Chakula ni Uhai. Wao ndio waliotulisha sisi na wazazi wetu. Sasa zamu ni yetu. Ndugu msomaji, mzee wako akisema "nimeshiba", mwamini, lakini tazama na sahani yake.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Kwa nini mzee anahitaji chakula cha kujenga mwili ingawa halimi tena?
2. Kwa nini samaki wa mzee asikatwe vipande vidogo kabla ya kupikwa?
3. Mwiba ukimkwama mtu kooni, ni mambo gani hayafai kufanywa?
4. Nyumbani kwako, mzee hupewa sehemu gani ya samaki? Je, anaweza kuila?