Bati au Gitaa?

Msomaji, kuna mapenzi ya watu wawili, halafu kuna yale ya watatu: wewe, mwenzi wako na bendi yake. Mimi nimo kwenye hayo ya pili. Mume wangu na wenzake watatu wanapiga nyimbo laini za maumivu ya mapenzi, mazoezi kila Jumamosi Mikindani. Msimu huu wa korosho ametamka: pesa zetu za mauzo zinunue vyombo na kulipia studio. Mie nilishazihesabia bati la nyumba.

Kabla ya kununa, nikaamua kuwachunguza hao anaowataja kila siku, Sauti Sol wa Nairobi.

Kumbe hawakuanza na mtaji wa kutisha! Mwaka 2005, Bien, Chimano na Savara, waliotoka shule moja ya Upper Hill, walikuwa wanaimba kwa sauti tupu. Polycarp akaungana nao na gitaa lake. Walikutana Alliance Française. Jina lilikuwa Sauti tu, "Sol", yaani jua kwa Kihispania, likaongezwa baadaye. Albamu ya kwanza, Mwanzo, yenye wimbo wa Lazizi, ikatoka 2008 kupitia lebo ya Penya Africa. Ya pili, Sol Filosofia, ikafuata 2011.

Sasa piga hesabu na mimi. Sura Yako, wimbo uliowarusha mbali na Kenya, ulitoka 2014, na mwaka huohuo wakabeba tuzo ya MTV Ulaya ya msanii bora wa Afrika. Miaka 9 jamani! Albamu ya tatu, Live and Die in Afrika ya 2015, waliitoa wenyewe bila lebo, tena mwanzoni watu waliipakua bure kwenye intaneti. Mwaka 2016 wakaimba na Alikiba wetu. Mwaka 2023 wakatangaza kupumzika kama kundi, wakaagana na mashabiki Novemba, kila mmoja akashika njia yake.

Hapo ndipo nilipomkalisha mwenzangu. "Baba Nuru, hawa walianza na makoo yao. Ninyi mnaanza na spika?"

Akacheka kidogo. "Kwa hiyo hapana?"

"Gitaa moja, sawa. Studio, wimbo mmoja, mkishauimba mbele za watu, hata kule Msimbati. Bati haliguswi. Na mwandikiane nyinyi wanne nani anamiliki nini, siku mkiachana msije kugombania gitaa."

Bado anafikiria. Lakini wewe uliye na mwenzi mwenye ndoto, usimkatie tamaa na usimpe kibubu chote. Muulize mambo matatu: anahitaji nini kwa kuanzia, atavumilia miaka mingapi, na wakati huo nani atalipa ada za watoto. Akiweza kujibu hayo bila kukasirika, huyo yuko siriazi. Kaeni mpange.